“Nimedhalilishwa kuwa hapa”: neno ‘humble’ lilitoka wapi, na mkalimani alifanyeje

“Mimi ni mkalimani wa kujitolea kanisani kwetu. Hivi karibuni tulipata mhubiri mgeni aliyeanza kwa kusema ‘I am humbled to be here’, nami nikasema ‘Nimedhalilishwa kuwa hapa’. Watu waliangua kicheko, na mgeni akadhani amechekesha. Baadaye akafundisha kwamba ‘humble’, ‘human’ na ‘humus’ ni neno moja lenye maana ya udongo, kisha akasema ‘humiliation is the road to humility’. Hapo nilikwama, nikatamka ‘kudhalilishwa ndiyo njia ya unyenyekevu’. Ibada ilipokwisha dada mmoja alinifuata akilia, akaniuliza kama ni kweli Mungu anataka avumilie anayofanyiwa nyumbani. Kamusi yangu inasema ‘humble’ ni ‘nyenyekevu, duni, dhalilisha’. Je, maneno haya ni ya ukoo mmoja? Nitajuaje nichague lipi? Na ile ‘humble pie’ aliyotania nayo inaingiaje hapa?”

Pole kwa kicheko kile. Neno ulilosema hukulitoa hewani, maana kweli limo ndani ya ‘humble’, na kamusi haikukudanganya. Ilichofanya ni kuzipanga kazi tatu za neno hilo kwenye mstari mmoja bila kueleza kila kazi hufanyika lini. ‘Humble’ ni sifa ya moyo, ni sifa ya hali ya maisha, na ni kitenzi cha kushusha. Mwingereza hutumia neno lilelile kwa yote matatu. Sisi tumeyagawa: unyenyekevu una neno lake, uduni na unyonge wa hali una lake, na kuvunjiana heshima kuna lake. Kwa hiyo unapofasiri ‘humble’, kabla hujatafuta neno tafuta kwanza nani ameshusha, na ameshusha nini.

Tazama sentensi iliyokuponza. “I am humbled” iko katika kauli ya kutendwa, na mtego uko hapohapo. Kisarufi inasema “nimeshushwa”. Zamani aliyeitamka alikuwa ameshushwa kweli: jemadari aliyeshindwa vitani, tajiri aliyefilisika, mwenye kiburi aliyekutana na mkubwa wake. Siku hizi utaisikia kwa mshindi wa tuzo, kwa mgombea aliyepita uchaguzi na kwa mhubiri mgeni, wote wakiwa juu jukwaani na wote wakimaanisha kwamba heshima waliyopewa ni kubwa kuliko wao. Wapo wenye Kiingereza chao wanaokereka nayo, wakiuliza mtu anashushwaje siku aliyopandishwa. Hoja yao ina uzito, lakini matumizi yameshazoeleka, na mkalimani hakusimama pale kumsahihisha msemaji Kiingereza chake.

Sasa uliza: mgeni wenu alishushwa na nani? Hakuna aliyemshusha. Amejishusha mwenyewe. Kiswahili kina kiambishi kidogo cha kazi hiyo, nacho ni -ji-. “Najiona mdogo mbele yenu.” “Najishusha mbele ya kusanyiko hili.” Au uache kitenzi kabisa useme, “Mmenipa heshima nisiyostahili,” au “Nasimama hapa kwa unyenyekevu.” Yoyote kati ya hizo ingetosha. “Nimedhalilishwa” ni jambo jingine, maana inadai mtendaji, tena mwenye nia mbaya au asiyejali, aliyemvua mtu heshima mbele za watu. Waumini wenu walisikia mgeni akishtaki kwamba wenyeji wamemvunjia heshima hata kabla ya kumkaribisha chakula. Wangeachaje kucheka?

Ukitaka kujua kwa nini neno moja lilibeba mizigo hii yote, turudi kwenye Kilatini. Neno lenyewe ni ‘humilis’, kitu kilicho chini, kisichoinuka, nalo limetokana na ‘humus’, yaani ardhi, udongo unaokanyagwa. Mwanzoni halikuwa na sifa wala lawama, lilitaja kimo tu. Mshairi Vergilius, katika karne ya 1 kabla ya Kristo, alilitumia kueleza jinsi Italia inavyowatokea mabaharia kwa mbali: nchi iliyo chini, imelala juu ya maji. Aliyewahi kuiona Lamu akiwa jahazini anaijua sura hiyo.

Neno la kimo halikawii kuhamia kwa watu. Kwa Warumi, mtu aliyeitwa ‘humilis’ hakuwa anasifiwa. Alikuwa mtu wa chini, hohehahe, asiye na jina, na mara nyingi walimaanisha pia kwamba ana roho ndogo. Jambo hili lilifika hata mahakamani. Kuanzia karne ya 2 baada ya Kristo sheria ya Kirumi iliwagawa watu mafungu mawili, ‘honestiores’ na ‘humiliores’, wenye heshima na walio chini. Kosa likiwa moja, wa kwanza aliweza kuhamishwa kisiwani akaishia hapo, wa pili akapelekwa kuchimba migodi au akatupwa kwa wanyama. Ukisoma habari hizo ndipo unaelewa kwamba uduni na udhalili ulioukuta katika kamusi yako ndiyo maana ya zamani zaidi ya neno hili. Unyenyekevu ulikuja nyuma yake.

Waliougeuza mwelekeo ni Wakristo waliotumia Kilatini. Walikuwa na neno la Kigiriki la Agano Jipya, ‘tapeinos’, ambalo lilikuwa na historia ileile: chini, duni, la kudharauliwa. Walipolifasiri kwa ‘humilis’, wakawa wamelichukua tusi la Warumi na kulifanya sifa ya Bwana wao. Katika Wafilipi 2:8 Kilatini kinasema Kristo ‘humiliavit semetipsum’, alijifanya wa chini. Biblia ya Kiswahili ya Union inasema “alijinyenyekeza”. Ona kitenzi hicho cha Kilatini: ndicho kilichokuja kuwa ‘humiliate’ katika Kiingereza, na hapo hakina fedheha hata chembe, kwa sababu mtendaji na mtendwa ni mmoja. Ile -ji- yetu imeokoa maana.

Hata hivyo maana ya kwanza haikufa. Nenda Luka 1:48, wimbo wa Mariamu. Kilatini kina ‘humilitatem’, na watu wa Biblia wamevutana juu yake kwa karne nyingi: je, Mungu aliutazama unyenyekevu wa Mariamu, au aliitazama hali yake ya chini? Biblia ya Kiingereza ya Wakatoliki ya Douay iliandika ‘humility’. Ile ya King James ya mwaka 1611 iliandika ‘low estate’. Kiswahili cha Union kilifuata njia ya pili, kikasema “unyonge wa mjakazi wake”, na kwa maoni yangu kilichagua vizuri, kwa sababu wimbo wote unazungumzia wakuu kuangushwa na wanyonge kukwezwa. Msichana anayeusifu unyenyekevu wake mwenyewe angekuwa ameupoteza palepale.

Neno liliingia Uingereza kupitia Kifaransa, baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka nchi mwaka 1066. Kabla ya hapo Waingereza walikuwa na lao, ‘eaþmod’, lililoundwa kwa ‘wepesi’ na ‘moyo’, mtu mwenye moyo mwepesi kupindika. Lilipotea. Karne ya 13 ‘humble’ lilikuwa limeshaingia, na ‘humility’ likafuata bila kukawia. Utajiuliza ile b katika ‘humble’ imetoka wapi, kwa kuwa ‘humilis’ haina b na ‘humility’ haina b. Ilizaliwa mdomoni. Watu wa Gaul, yaani Ufaransa ya kale, walipolitamka ‘humilem’ upesi upesi waliimeza ile i ya katikati, m ikakutana na l. Jaribu kutamka ‘hum-le’ haraka mara kumi. Midomo imefungwa kwa m, na inapofunguka kwenda kwenye l hutoa kimlipuko kidogo, na kimlipuko hicho ndicho b. Ndivyo ‘numerus’ ya Kilatini ilivyozaa ‘number’, ‘camera’ ikazaa ‘chamber’, na ‘tremulare’ ikazaa ‘tremble’. ‘Humility’ ilikwepa hayo kwa sababu iliokotwa vitabuni na wasomi, ikabaki na i yake. Kwa hiyo ‘humble’ na ‘humility’ ni mtu na dadake, mmoja kalelewa sokoni, mwingine shuleni.

H nayo ina vituko vyake. Wafaransa hawakuitamka, na Waingereza kwa muda mrefu walisema ‘umble’, ndiyo maana Biblia ya King James, katika Mithali 16:19, ina ‘an humble spirit’. H ilirudi mdomoni baadaye kwa sababu watu waliiona imeandikwa. Wewe itamke bila wasiwasi.

Sasa udongo. Mgeni wenu alisema kweli nusu. ‘Humble’ na ‘humus’ ni mzazi na mtoto, hilo halina mjadala. ‘Human’ ni suala la binamu. Kilatini ‘homo’, mtu, kinahesabiwa na wanaisimu kuwa cha mzizi mmoja na ‘humus’, mzizi wa kale sana wenye maana ya ardhi, kana kwamba mtu aliitwa ‘wa ardhini’ kumtofautisha na miungu walio juu. Mzizi huo umezaa maneno mengi: Warusi wanasema ‘zemlya’, Waajemi ‘zamin’, na neno hilo la Kiajemi liliingia Kihindi na Kiurdu, hivyo aliyeishi Ghuba au anayependa filamu za Kihindi amelisikia mara nyingi. Kigiriki kilikuwa na ‘khamai’, chini ardhini, na humo ndimo lilimotoka jina la Kiingereza la kinyonga, ‘chameleon’, yaani simba wa ardhini. Hata ‘bridegroom’, bwana harusi, ina binamu huyu: zamani ilikuwa ‘brydguma’, na ‘guma’ ni ‘homo’ yuleyule, kwa kuwa penye h ya Kilatini ya aina hii lugha za ukoo wa Kijerumani, Kiingereza kikiwemo, huwa na g. Watu waliposahau ‘guma’ ni nini, wakaweka ‘groom’, kijana wa kazi, basi bwana harusi akageuzwa mtumishi.

Lakini ‘humanus’, neno lililozaa ‘human’, lina irabu ndefu mwanzoni, na ‘humus’ ina fupi, na wataalamu hawajakubaliana urefu huo umetoka wapi. Kwa hiyo kusema ni “neno moja” ni kukaza kamba mno. Sema ni ukoo mmoja.

Halafu kuna jambo ambalo wahubiri wengi hulichanganya. Mchezo wa maneno ulio katika Mwanzo 2:7 ni wa Kiebrania, hauna uhusiano na Kilatini: mtu ni ‘adam’, na udongo aliofinyangwa ni ‘adama’. Na hapa mkalimani wa Kiswahili ana bahati kuliko wa lugha nyingine nyingi. Sisi tunasema binadamu, mwanadamu, mwana wa Adamu, jina limo ndani ya neno. Mhubiri akisema tena ‘human, humus, humility’, usihangaike kuyafuata moja moja. Sema, “Kwa Kiingereza maneno haya yanakaribiana na neno la udongo, nasi tunasema binadamu, mwana wa Adamu aliyetoka udongoni, basi na akumbuke alikotoka.” Ni sekunde kumi hivi, na kusanyiko limepata picha nzima.

Ukitaka kucheza na asili za maneno, jihadhari na yanayofanana sura tu. ‘Humour’ na ‘humid’ ni ya unyevu, na Warumi waliyaandika ‘umor’ na ‘umidus’. H iliwekwa na waliodhani yanahusiana na ‘humus’. ‘Humble-bee’, jina la zamani la nyuki mkubwa mwenye manyoya ambalo mwanasayansi Charles Darwin bado alilitumia mwaka 1859, limetokana na mvumo wa mbawa zake, halina unyenyekevu wowote. ‘Hummus’ ya mezani ni Kiarabu cha dengu. Kwa upande wa pili, ‘exhume’, kufukua maiti, ni ndugu halisi. Kipimo ni hiki: fuata neno nyuma kwenye kamusi ya etimolojia, yaani ya asili za maneno, hatua kwa hatua, uone kila lugha iliyopitia na karne iliyopita. Sura ikifanana leo lakini njia zikaachana jana, hakuna undugu.

Nimefika kwenye sentensi nzito, “humiliation is the road to humility”. Hii haikutungwa na mgeni wenu. Bernard wa Clairvaux, abati Mfaransa aliyefariki mwaka 1153, aliiandika kwa Kilatini: ‘humiliatio’ ni njia ya kufikia ‘humilitas’. Tatizo ni kwamba ‘humiliatio’ yake na ‘humiliation’ ya gazeti la leo si kitu kimoja. Kwa karne nyingi neno hilo katika dini lilimaanisha kushuka chini mbele za Mungu, kwa kufunga, kutubu, kukubali kazi ndogo. Mwaka 1863, vita ya wenyewe kwa wenyewe ikiwa imepamba moto, Rais Abraham Lincoln aliitangaza tarehe 30 Aprili kuwa siku ya taifa ya ‘humiliation, fasting and prayer’. Hakuwaita Wamarekani wadhalilishwe. Aliwaita wajinyenyekeze, wafunge na kuomba. Baadaye maana ya kuvuliwa heshima ikalimeza neno zima, na leo anayesikia ‘humiliation’ hafikirii kufunga, anafikiria mtu aliyeaibishwa hadharani.

Bernard huyohuyo, katika mahubiri yake juu ya Wimbo Ulio Bora, alionya kwamba ‘humilitas’ ni kitu kimoja na ‘humiliatio’ ni kingine, na kwamba wako wengi walioshushwa ambao si wanyenyekevu hata kidogo. Mtu anaweza kutwezwa akatoka na chuki tupu, au akatoka amenywea, amejaa hofu. Kinachomjenga ni kile alichokipokea kwa hiari. Kwa hiyo sentensi ile ingefasiriwa, “Kujishusha ndiyo njia ya kufikia unyenyekevu.” Tofauti yake na ulichosema wewe ni kitenzi kimoja tu, lakini kwa aliyekaa kwenye benchi ni tofauti ya mahubiri mawili.

Na usidhani ni Kilatini peke yake chenye utata huu. Dhalili yetu ni ya Kiarabu, na katika Kiarabu mzizi wake hauna fedheha tupu. Katika Kurani, sura ya 17, aya ya 24, mtoto anaamriwa awainamishie wazazi wake bawa la ‘dhull’ kwa huruma, na tafsiri za Kiswahili huweka “unyenyekevu” hapo. Kumbe mzizi uleule tuliouazima ukawa udhalilishaji na madhila, kwa wenyewe unaweza pia kuwa upole wa mtoto kwa mama yake. Sisi tuliuchukua upande mmoja tu. Kwa sifa ya moyo Waarabu husema zaidi ‘tawadhui’, ambalo utalisikia kwenye mawaidha, kutoka mzizi wa kuweka kitu chini. Ni ndugu wa maudhui yetu, jambo lililowekwa mezani, na si ndugu wa kutawadha, ijapokuwa masikio yetu huyaona pacha: herufi ya mwisho ya mzizi ni tofauti.

Basi kwa kazi yako ya kila Jumapili. Msemaji akimwita mtu ‘humble’ kwa kumsifu, Kiswahili cha watu ni hana makuu, hajikwezi, ni mtu wa watu; “mnyenyekevu” ni sahihi pia, ila lina harufu ya mimbari. Akisema ‘humble beginnings’ au ‘a humble family’, moyo haumo kabisa: sema alianzia chini, ametoka familia ya hali ya chini. “Familia nyenyekevu” ni kosa ninalolikuta mara nyingi katika wasifu wa marehemu uliofasiriwa, nalo hubadili maana, kwani familia inaweza kuwa maskini na yenye kiburi cha kutosha mtaa mzima. ‘My humble home’ ni kibanda changu, hata kama kina ghorofa, kwa kuwa adabu ya mwenyeji wa Kiswahili ni hiyohiyo. ‘In my humble opinion’ ni kwa ufahamu wangu mdogo. ‘I humbly request’ ni naomba kwa heshima na taadhima. ‘He was humbled’ kwa aliyeshindwa ni alishushwa, alivunjwa kiburi, na kama unataka picha, alinywea. ‘Dhalilisha’, ‘tweza’ na ‘fedhehesha’ ziweke kando mpaka awepo mtu anayemvua mwenzake utu.

‘Meek’ usiichanganye na hizi. Ilitoka kwa Waskandinavia, ikimaanisha laini, na Kiswahili chake ni upole, kama katika Mathayo 5:5. ‘Modest’ ni ya kipimo: mtu asiyepita kiasi, mwenye staha.

Na ile pai? Haina ukoo na ‘humble’ hata kidogo. Wafaransa waliita sehemu fulani za ndani za mnyama ‘nombles’, kutoka neno la Kilatini la kiuno. Waingereza wakasema ‘numbles’, wakimaanisha moyo, maini, figo na utumbo wa paa. Kisha n ya mwanzo ikadondoka. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ilisikika kama sehemu ya neno lililotangulia, kama vile ‘a napron’ ilivyogeuka ‘an apron’. Usiwacheke; sisi tuliisikia ‘kitab’ ya Waarabu tukadhani ki- ni kiambishi, tukapata vitabu, na ‘mudguard’ ikatupa madigadi, ambayo moja ikaitwa digadi. Basi zikawa ‘umbles’, zikaokwa ndani ya pai. Na kwa kuwa wengi hawakuitamka h ya ‘humble’, maneno mawili yakagongana, na karne ya 19 utani ukawa msemo: kula ‘humble pie’, kukiri kosa kwa aibu. Inasimuliwa kwamba ilikuwa pai ya watumishi, wakati mabwana wanakula mnofu. Usiisimulie hivyo kwa uhakika. Samuel Pepys, mkubwa katika ofisi ya jeshi la majini la London, aliandika katika shajara yake Julai 1662 kwamba alikula pai ya namna hiyo nyumbani kwake, tena akaisifu. Kwa Kiswahili sema alimeza maneno yake, au alishuka chini akaomba radhi. Ukitafsiri “alikula pai ya unyenyekevu”, watu watauliza inauzwa wapi.

Kabla ya mgeni mwingine, omba robo saa naye. Mwulize aya atakazosoma, mafumbo na utani atakaoutumia, na maneno atakayoyarudia. Yaandike kwenye karatasi moja na Kiswahili chake kando. Ukiteleza hadharani, jisahihishe palepale kwa sentensi moja, “Samahani, alichosema ni kwamba...,” kisha endelea. Kosa lililosahihishwa ndani ya nusu dakika husahaulika. Na ikiwa siku moja utaletewa hati yenye maneno haya, kiapo, wasia au shauri la udhalilishaji linalokwenda mahakamani, usiifanye peke yako. Huko neno moja lina adhabu yake. Mwelekeze mwenye hati kwa mfasiri anayetambulika. Tanzania Bara pa kuulizia ni BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, na Zanzibar ni BAKIZA, Baraza la Kiswahili Zanzibar.

Aliyebaki ni yule dada, na kwake usingoje Jumapili. Mtafute, pamoja na mama au mzee wa kanisa mnayemwamini, umwambie wazi kwamba neno alilolisikia lilikuwa lako, si la mhubiri, na kwamba mhubiri alisema juu ya mtu kujishusha kwa hiari yake. Usimpe somo la Kilatini. Msikilize, na mwulize kama yuko salama usiku wa leo. Kama anapigwa au anatishwa, hilo limeshatoka mikononi mwa mkalimani: Tanzania mpeleke dawati la jinsia na watoto kwenye kituo cha polisi au ofisi ya ustawi wa jamii, na Kenya apige 1195, namba ya bure. Halafu mwombe mchungaji wako dakika mbili katika ibada ijayo usahihishe sentensi ile mbele ya wote walioisikia, maana huenda hakuwa peke yake.